Mwaka Niliofuta Uji

Rehana alinipigia simu nikiwa jikoni namenya viazi vitamu. Ana desturi ya kuanzia mazungumzo katikati, kwa hiyo nilichosikia kwanza ni, "Sasa safari hii utavuka, Mwali, au utatuma rambirambi kwa simu kama kawaida yako?" Nikamuuliza navuka kwenda wapi, na nani amekufa. Akanyamaza. Rehana akinyamaza ujue jambo ni zito, kwa sababu miaka yote niliyomfahamu, hata akiwa na kitumbua mdomoni huwa anaendelea kusema. "Mzee Magesa," akasema. "Anazikwa Alhamisi, hukohuko mwaloni kwake." Nikaweka kisu chini. Nilikaa kwenye kigoda, maganda miguuni, nikajikuta najiuliza swali la kijinga kabisa: nitamtambuaje marehemu, nami sijawahi kumwona? Mtu niliyeongea naye karibu kila asubuhi mwaka mzima, niliyejua anavyokohoa na tabia mbaya za mbuzi wake, uso wake sikuwahi kuuona. Yeye alikuwa kisiwani Ukerewe, mimi nilikuwa Buhongwa, Mwanza, katikati kulikuwa na maji, na mimi na maji tunaheshimiana kwa kukaa mbali.

Habari za kuzaliwa kwangu, baba nani, mama nani, naziruka. Hazina la kumfundisha mtu. Inatosha kusema kwamba nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hakuna aliyeyatia kwenye fremu, na kwamba nilikuwa, na bado ni, mtu wa ndani. Wenzangu walipenda mpira, walipenda kwenda Nyegezi kuangalia mabasi yanavyoondoka. Mimi nilipenda kiti kilicho karibu na dirisha. Hata kazi niliyoipata mwaka huo niliipata kwa sababu hiyo tu: ofisi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ambayo mimi nilipanga chumba cha nyuma. Mradi mmoja wa wavuvi ulitafuta mtu wa kusoma taarifa na kupiga simu, na Mama Kulwa mwenye nyumba akawaambia, "Yupo mmoja humu ndani, hatoki. Siku mkimkosa mjue amekufa." Yeye ndiye aliyenipa jina la Mwali, kwa kuwa nilikaa ndani kama binti anayengoja harusi. Jina likaingia ofisini siku ya kwanza, kabla yangu.

Chumba kile nakiona mpaka leo. Makochi ya Mama Kulwa hayakuondolewa, yalisukumwa tu ukutani na vitambaa vyake vya kufuma juu yake, kwa hiyo mgeni wa mradi alikuwa akikaa chini ya picha ya harusi ya watu asiowajua. Palikuwa na meza mbili, kompyuta tatu, na feni iliyogeukia upande mmoja tu, upande wa Rehana. Rehana ndiye aliyekuwa mtaalamu wetu. Ni Mhindi wa palepale mjini, familia yao imeuza nyavu na vipuri vya injini za boti tangu enzi za babu yake, na Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alikitumia kupunguzia bei sokoni na kutukania kompyuta. Saa nne Mama Kulwa alileta michembe, vile viazi vilivyokatwa vikaanikwa, amevichemsha na karanga, akasimama mlangoni kututazama tunavyokula. "Rehana mwanangu, kula. Huyu Mwali usimjali, yeye hata bei ya nyanya anaijua kwa kusimuliwa."

Kazi ya mradi ilikuwa rahisi kuieleza. Vyombo vya dagaa hutoka jioni na taa zao, hurudi asubuhi. Kila mwalo, yaani kila ufukwe wanaposhukia wavuvi, ulikuwa na mwandishi wetu mwenye simu, naye alituandikia nani katoka na nani karudi. Asubuhi sisi tuliiuliza kompyuta swali moja: nani hajarudi? Orodha ikitoka, boti ya doria iliyokuwa Nansio inakwenda kutafuta. Lakini ilipaswa itoke mapema. Asubuhi ziwa ni tulivu. Ikifika saa tano hivi upepo unaamka, na boti yetu ilikuwa ndogo, haikuweza kushindana na mawimbi ya mchana.

Kabla yangu walikuwa wamejaribu fomu, fomu yenye vyumba vingi na kila chumba sharti kijazwe. Waandishi wakaikimbia. Huyu mwaloni kwake hakuna injini hata moja, yule ana mambo matano muhimu ambayo hayana chumba. Ndipo Rehana akaleta kanzidata ya aina nyingine, isiyo na fomu. Kwa jinsi nilivyoelewa, na naomba wenye elimu yao wanivumilie, kila taarifa ilikuwa kama bahasha. Mwandishi anatia anachotaka, anakipa jina analotaka, wala bahasha ya leo si lazima ifanane na ya jana. Waandishi wakafurahi kama wanafunzi waliofunga shule. Mmoja alitia idadi ya taa, mwingine hali ya mawingu, mwingine jina la mama wa mwenye chombo, na wa Kigongo alitujulisha kila siku alichokula. Mimi nilizisoma, na nisipoelewa nilipiga simu kuuliza. Nilipiga simu nyingi sana.

Simu ya kwanza kwa Mzee Magesa naikumbuka vizuri kwa sababu nilitoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Mwalo wake ni mdogo, upande wa nyuma wa kisiwa, na mtandao ulipatikana juu ya jiwe moja tu, kwa hiyo ukimpata ujue amepanda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado, mzee."

"Basi kula kwanza. Nakungoja."

Na akangoja kweli, kwenye vocha ya mradi, huku upepo ukivuma sikioni mwangu. Nilitafuna kipande cha mchembe harakaharaka nikamwambia nimekula.

"Mzee, kwenye bahasha yako sioni watu waliorudi. Naona umeandika uji, vikombe kumi na moja."

"Ndio hao."

"Hao nani?"

"Waliorudi."

Nikamtazama Rehana. Rehana akanitazama. Nikaomba nifafanuliwe, na mzee akanifafanulia polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mwaloni kwake mtu anayetoka majini hahesabiwi. Ukisimama ufukweni ukahesabu watu, mmoja, wawili, watatu, maji yanasikia, nayo yanataka kujua walio wake ni wangapi. Kwa hiyo wao wanahesabu uji. Kila asubuhi, kabla chombo hakijaonekana, mwanamke aitwaye Nyangeta anammiminia kila aliyetoka jana kikombe chake, anavipanga juu ya ubao. Mtu akishuka anakunywa. Kilichonywewa ndicho kinachoandikwa. "Uji si mtu," mzee akasema. "Ukiuhesabu hakuna anayekasirika."

"Na huyo Nyangeta mumewe anavua?"

"Bwire? Anavua. Anakaa nyuma, kwenye injini."

"Basi atakuwa anapata kikombe kikubwa."

"Anapata cha mwisho. Ndiyo ndoa."

Alicheka mpaka akakohoa. Nikamwambia Rehana aongeze mstari kwenye lile swali letu: ukikuta bahasha haina waliorudi, tazama kama ina uji. Akaongeza huku akitikisa kichwa. "Miaka minne chuoni," akasema, "kuja kuiambia kompyuta itafute uji." Lakini aliongeza, na swali likafanya kazi. Tatizo ni kwamba lilifanya kazi kama mtu anayetafuta sindano kwa kukunjua nguo zote za ukoo. Ili kuijua tabia ya kila chombo, hutoka saa ngapi, huchelewa kiasi gani, kompyuta ilifungua bahasha moja baada ya nyingine, zote, tangu siku ya kwanza ya mradi, ikasoma kila kilichomo. Tulianza saa mbili, orodha ikatoka saa tano kasoro au saa tano na kitu. Na kila siku bahasha ziliongezeka, na orodha ikachelewa zaidi. Nahodha wa boti ya doria alikuwa akipiga simu anaongea kwa sauti ya mtu aliyeishavaa jaketi la kuokoa maisha tangu alfajiri. "Mnaniletea majina upepo umeishaamka! Niende nao wapi?" Rehana alifunga simu akaigeukia kompyuta. "Inasoma tabia za mbuzi wa Mzee Magesa," akasema, "ili ijue kama mtu wa Igombe karudi."

Siku moja niliyasikia mazungumzo ambayo yalibadilisha mambo, nikiwa nyuma ya mlango naosha vikombe. Rehana alikuwa anaongea na bosi wa Dar kwa simu, na yeye anapoongea na Dar hutembea, kwa hiyo nilisikia maneno yakija na kuondoka. "Hapana, bosi, sitawarudisha kwenye fomu. Waandike wanavyotaka. Sisi ndio tujipange. Bahasha zikiingia tuziangalie umbo, zinazofanana ziwekwe sanduku moja. Vile vinavyoulizwa kila siku tuvitoe mle ndani tuvipange safu safu, vyombo peke yake, saa peke yake, waliorudi peke yake. Visivyoulizwa vibaki humo bahashani, havitudhuru. Halafu juu ya kila sanduku kuwe na karatasi: humu kuna hiki na hiki, kile hakuna. Swali likija, lisome karatasi kwanza. Kama sanduku halina linachokitafuta, lipite." Mimi katika yote hayo nilielewa neno sanduku. Miaka mingine nimewahi kujigamba mbele ya watu kwamba wazo hilo lilitoka kwangu, kutokana na nilivyopanga kabati la vyombo, vya kila siku mbele na vya wageni nyuma. Si kweli. Yeye alikuwa anajua. Mimi nilikuwa naosha vikombe.

Ila kuna sehemu moja ilikuwa yangu, na hiyo sijawahi kujigamba nayo. Rehana aliniambia, "Mwali, wewe ndiye unayezisoma. Niandikie vitu vyote ambavyo swali letu linavihitaji, nivitengenezee safu." Nikaandika kwenye karatasi ya daftari, kwa mwandiko wangu mzuri: chombo, mwalo, saa ya kutoka, waliotoka, saa ya kurudi, waliorudi, uji. Nilikuwa nimejivunia orodha hiyo. Rehana akaanza kumsomea bosi, simu ikiwa mezani imefunguliwa sauti, na mimi nimekaa kwenye kochi chini ya maharusi. Chombo, sawa. Mwalo, sawa. Alipofika "uji" kikatoka kicheko simuni, kicheko kirefu cha mtu wa Dar aliyepata cha kusimulia jioni. Rehana naye akacheka, si kwa ubaya. Pale nilijiona kama nilivyokuwa, mtu wa kidato cha nne mwenye michembe mfukoni, anayewaletea wataalamu porojo za jikoni. Nikasema, "Nilikosea. Futa huo."

Rehana akaacha kucheka. "Una uhakika? Si ndio wa Mzee Magesa?"

"Mwalo mmoja tu," nikasema. "Futa."

Akafuta. Nimekaa na neno hilo miaka yote hii nikiligeuzageuza, na bado sielewi ilikuwaje likatoka mdomoni mwangu haraka vile, mimi ambaye kuamua nile ugali au wali hunichukua nusu saa.

Siku orodha mpya ilipotoka mara ya kwanza tulidhani kompyuta imeharibika. Rehana alibonyeza, mimi nikanyanyuka kuinjika chai kama desturi yetu, kwa kuwa kulikuwa na saa tatu za kungoja, na sijafika mlangoni akapiga kelele, "Imetoka!" Nikarudi. Majina mawili. Tukapiga simu, kweli, vyombo viwili havijarudi, na ilikuwa saa mbili na dakika chache. Nahodha wa boti ya doria alikosa cha kutugombeza akatuuliza habari za nyumbani. Mama Kulwa alikuja na michembe yake akatukuta tumemaliza kazi ya siku. "Sasa mnalipwa kwa lipi?" akauliza, na lilikuwa swali zuri. Ikawa hivyo wiki kadhaa. Vyombo vilitafutwa ziwa likiwa shwari, na nikubali, watu walipona ambao zamani wasingepona. Hilo huwa nalisahau nikianza kujilaumu, na Rehana hunikumbusha. Lakini simu zangu zilikoma. Hapakuwa na haja ya kumuuliza mtu chochote. Nilibaki nasoma bahasha kwa kujifurahisha tu, kama mtu asomavyo gazeti la jana.

Asubuhi yenyewe haikuwa na dalili yoyote. Orodha ilitoka safi, hakuna jina hata moja. Rehana akaenda kufunga nywele zake kwenye kioo cha Mama Kulwa, nami nikavuta kiti changu dirishani nikaanza kusoma. Saa tatu kasoro nikafika kwenye ya Mzee Magesa. Iliandikwa: uji, vikombe vinne, vimepoa.

Nilisoma mara tatu. Nilijua maana yake. Mzee mwenyewe alikuwa amenifundisha. Vikombe vinne vimemiminwa na hakuna aliyekuja kuvinywa. Lakini orodha ilikuwa palepale, kwenye kompyuta ya pili, safi, ikisema wote wamerudi. Kimoja kati ya hivyo viwili kilikuwa kinakosea, na kilichokosea, nilijiambia, si kompyuta iliyotengenezwa na mtu wa chuo kikuu. Labda Nyangeta aliumimina mapema. Labda ni chombo cha jana. Nikapiga simu kwa mzee, haikupatikana. Alikuwa ameshuka jiweni kurudi ufukweni, akiamini ameishatuambia. Nikapiga tena. Nikanywa chai. Nikamtazama Rehana anavyofanya kazi zake. Mnisamehe, nataka niseme kama ilivyokuwa: niliogopa kusema neno uji kwa mara ya pili ndani ya chumba kile. Mama Kulwa alikuja, akaondoka. Saa nne ikapita. Pazia lilianza kucheza dirishani, na ndipo niliposhtuka, kwa sababu pazia likicheza Buhongwa, huko ziwani upepo umeishasimama wima.

"Dada Rehana," nikasema. "Uji wa Mzee Magesa umepoa."

Hakucheka. Hilo ndilo lililonimaliza. Aligeuka taratibu, akasoma bahasha, akaiangalia orodha, na nikaona uso wake unaelewa kitu ambacho mimi bado nilikuwa sikielewi. "Imelipita," akasema. "Karatasi ya sanduku lake inasema humu hakuna safu ya waliorudi. Swali limelipita. Mwali, limekuwa likilipita tangu siku ile." Bahasha za mzee zilifanana zote, kwa hiyo ziliwekwa pamoja sanduku moja, vizuri kabisa, na kwa kuwa hakuna hata moja iliyokuwa na safu tunayoitafuta, hakuna aliyelifungua. Mwalo mzima ulikuwa umetoweka, na orodha ilikuwa safi kwa sababu hiyo. Ile kasi yote tuliyoifurahia ilikuwa ni kasi ya kutofungua. Alikuwa tayari ana simu sikioni anamwita nahodha. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika tano.

Nahodha alitoka, mawimbi yakamrudisha. Akatoka tena. Alasiri alikikuta chombo kimepinduka na watu watatu wamekishikilia. Wa nne alikuwa Bwire. Walisema alishika ubavu wa chombo pamoja nao asubuhi yote, akawa anawachekesha, na maji yalipochafuka mikono ikamchoka. Walisema ilikuwa karibu na adhuhuri. Siku ya tatu maji yenyewe yakamleta, mbali kidogo na ubao wa mkewe.

Ugomvi uliofuata kati yangu na Rehana ulikuwa wa ajabu, kwa kuwa kila mmoja alikuwa anagombea kosa. "Mimi ndiye niliyesema futa." "Na mimi ndiye niliyefuta! Nilikuuliza, nilijua, nikafuta kwa sababu ya kicheko cha mtu aliye Dar." "Mimi ndiye niliyekaa saa mbili nzima na bahasha mkononi." Mama Kulwa aliingia akatukuta tunapigiana kelele, akaweka sahani mezani akasema, "Mkimaliza kugawana mtakula," akatoka. Hatukula. Rehana alikaa siku hiyo na iliyofuata akitengeneza. Uji ukapewa safu yake. Na chini ya orodha akaongeza mistari ambayo kila asubuhi ilitaja mialo ambayo swali halikuifungua, na kwa nini. Bosi alilalamika kwamba sasa orodha inachukua muda mrefu zaidi kidogo. Rehana akamwambia ndiyo, bosi, inachukua. Mimi nikarudishiwa simu zangu: kila mwalo uliotajwa chini, niupigie, niongee na mtu.

Baada ya mazishi ya Bwire Mzee Magesa alipiga mwenyewe, mara ya kwanza na ya mwisho. Niliposikia ule upepo wa jiweni nilisimama, sijui kwa nini, kana kwamba angeniona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Kisha akauliza, "Ile bahasha. Uliisoma?"

"Niliisoma, mzee."

"Basi," akasema. "Umekula?"

Ni hayo tu. Swali la pili, niliisoma saa ngapi, hakuliuliza. Tuliongea kila asubuhi mpaka mwaka ukaisha na mradi ukahamia kwenye ofisi yenye ngazi, ambako sikuufuata; aliniambia habari za mbuzi, za mvua, za nani kaoa, na kila mara simu ilipokaribia kukatika nilisubiri hiyo saa ngapi. Hakuniuliza. Sijui alinisitiri au hakutaka kujua, au kwake kusoma ni kusoma. Nilishindwa kuelewa hilo nikiwa kijana, na sasa nina mvi nimeshindwa vilevile.

Alhamisi nikavuka. Rehana alinikuta bandarini nimevaa shati la mikono mirefu na nimebeba mwavuli, akacheka mpaka watu wakageuka. Yeye naye amenenepa, anavaa miwani, na siku hizi wataalamu wadogo humwita mama. Ndani ya meli nilikaa katikati kabisa, mbali na madirisha yote, mkono kwenye nguzo. "Unaishika kama ndiyo inayoelea," akasema. Nikamwambia anyamaze, na kwa mara ya pili katika maisha yake akanyamaza, akanishika mkono wa pili. Kutoka Nansio tulipanda gari mpaka barabara ilipokoma, halafu mtumbwi wa injini tukauzunguka mkono wa kisiwa, na hapo sikuwa na nguzo, nilikuwa na Rehana tu na sala.

Mwalo ni mdogo kuliko nilivyouchora kichwani. Jiwe ni kubwa zaidi. Mjukuu wa mzee, mwanamke mzima mwenye mtoto mgongoni, alikuwa amesimama ufukweni na simu mkononi. Ndiye mwandishi sasa. Mradi umebadilishwa majina, lakini bahasha zinaendelea kuingia, na Rehana, aibu hana, alichungulia begani kwake kuona kama safu ya uji ipo. Ipo. Tulishuka tukiwa tumelowa magoti. Nilitaka kwenda moja kwa moja nyumba ya msiba, nimwone mzee kabla hajafunikwa, lakini pale penye mchanga palikuwa na ubao, na juu ya ubao vikombe, na nyuma yake mama mmoja wa makamo, kitenge kimefungwa kiunoni, anatazama maji wala si watu.

"Nyangeta, hawa ndio wa Mwanza," mjukuu akamwambia. "Wale wa ofisi ya babu. Huyu ndiye wa simu."

Mama yule akanitazama. Sijui aliambiwa nini na mzee kuhusu mimi, kama aliambiwa. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu Buhongwa, maneno mengi, mengine nilikuwa nimeyaandika. Akachukua kikombe ubaoni akanisogezea, moshi unatoka.

"Kunywa," akasema. "Kabla hakijapoa."

Nilikunywa. Ulikuwa wa moto, uliniunguza ulimi na koo na machozi yakanitoka, na sikuweza kukiweka chini. Alisubiri mkono ukiwa umenyooshwa. Nilipomrudishia, akakiinamisha kuelekea kwenye jua, akatazama ndani, akahakikisha. Kisha akamgeukia yule mwenye simu.

"Andika," akasema.